Kitoto cha Pori Katika Shamba Letu

Wapendwa wasikilizaji, wakristu na wakatekumeni wa vijiji vya kando ya ziwa na vya Bonde la Ruzizi, leo twaendelea na somo letu juu ya Mungu Muumba. Juma lililopita tulijifunza kwamba hakuna kitu kilichojiumba chenyewe, kikubwa wala kidogo. Maneno hayo ni mepesi kinywani. Leo twataka kuyashusha mpaka shambani, penye jembe na panga, maana huko ndiko tunakokutana kila siku na viumbe vya Mungu, hasa vile vidogo ambavyo hatukuviita wala hatukuvifuga: kitoto cha sungura katika majani, makinda ya ndege katika mpunga, kinyonga juu ya mti wa muhogo, na kakakuona kwa ninyi mnaokaa huko milimani.

Mwenye shamba afanye nini akiona kiumbe cha namna hiyo kimo hatarini? Watu wengi hujibu upesi. Mmoja husema: "Kiue, ni kitoweo." Mwingine, mwenye moyo mwororo, husema: "Kichukue nyumbani ukilee." Sisi tunaosema nanyi tulikuwa watu wa jibu la pili. Tutawaeleza mambo yaliyotupata, ili ninyi msifanye kama sisi.

Shamba letu liko upande wa Kiliba, mahali ambapo bonde laanza kupanda kuelekea milimani. Juu yake lipo korongo lenye vichaka, na katika vichaka vile wamo pongo wachache, ambao wengine huwaita mbawala, wale wenye madoa meupe ubavuni. Mwaka ule, mvua za kwanza zilipokwisha kunyesha, tulikuwa tukipalilia mihogo pamoja na mama watoto na watoto wenyewe. Tulipofika pindo la shamba, mtoto wetu wa pili akapaza sauti. Katika majani, karibu na shina la muhogo, palikuwa na kitoto cha pongo. Kilikuwa kimejikunja, masikio yamelala, hakitikisiki. Hakikukimbia hata tulipoinama juu yake. Tukatazama huku na huku, hatukumwona mama yake. Tukasema: "Maskini, mbwa wa wawindaji wamemwua mama." Tukakifunga katika kitenge, tukakichukua nyumbani, na njiani tulijiona kama yule Msamaria mwema wa Injili.

Tulikinywesha maziwa ya mbuzi kwa kitambaa. Siku ya kwanza kilinyonya kidogo. Siku ya pili kilianza kuhara. Watoto wa jirani walijaa uani tangu asubuhi mpaka jioni, kila mmoja akitaka kukigusa, nasi hatukuwazuia, kwa maana tuliona kuwa ni fundisho jema juu ya huruma. Usiku tulisikia sauti upande wa korongo, sauti kavu, kama ya mbwa anayebweka na mfupa umemkaa kooni. Hatukuijali. Usiku wa pili sauti ile ilikuja tena, karibu zaidi, ikitembea kando ya shamba. Siku ya tatu alfajiri tulikikuta kitoto kimekufa juu ya kitenge kilekile, miguu imenyooka.

Mama mmoja mzee, ambaye siku zile alikuwa akijifunza dini kwetu na hajabatizwa bado, alipita kutusalimu akaona watoto wanalia. Akauliza, tukamweleza yote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, wasema mama yake alikufa. Basi yule aliyelia usiku huko korongoni alikuwa nani?"

Ndugu, neno lile lilituingia. Mama yule alijua tangu utoto wake jambo ambalo sisi, wenye cheti cha shule, hatukulijua. Pongo jike humficha mwanawe katika majani mazito, akamwacha peke yake kwa saa nyingi. Hafanyi hivyo kwa ukatili. Akikaa karibu naye, harufu yake mwenyewe ingemwita chui au mbwa. Hata kinyesi cha mtoto hukila, ili pasiwe na harufu yo yote mahali pale. Kisha huenda kula mbali, akarudi kwa saa zake kumnyonyesha. Naye mtoto amepewa na Muumba ngao moja tu, ndiyo kutulia kimya. Sisi tuliona utulivu ule tukaudhani kuwa ni unyonge. Kwa sungura wa porini ni karibu vilevile: watoto wake huzaliwa wakiwa na manyoya na macho wazi, hubaki wametawanyika katika nyasi mchana kutwa, na mama huwarudia gizani. Anayewaokota mchana na kusema "wameachwa" amewaiba, ijapokuwa hakutaka kuiba.

Je, tulitenda dhambi? Swali hilo lilitusumbua. Tulimwendea padri, tukamwuliza huku tukiona haya kidogo, kwa kuwa kitoto cha pongo si jambo la kumchukulia padri muda wake. Yeye hakucheka. Alituambia kwamba mtu asiyejua, na asiyekuwa na njia ya kujua, hahesabiwi kosa. Lakini akisha kujua, hawezi tena kujificha nyuma ya ujinga wake. Tena alituuliza kama sisi tulimwuliza mtu ye yote kabla ya kukichukua. Hatukuwa na la kujibu. Mama yule mzee alikuwa akikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Tangu hapo tumejifunza kidogo kidogo, kwa wazee na kwa watu wenye elimu ya wanyama. Jambo la kwanza ni kusimamisha jembe na kurudi nyuma. Kama kitoto hakina jeraha wala hakijazingirwa na siafu, mahali pake ni pale pale. Acha kipande kile bila kupalilia, wafunge mbwa nyumbani, uende kufanya kazi upande mwingine, urudi kesho. Kama ni lazima kukisogeza, kwa sababu maji yaja au moto waja, basi kisogeze hatua chache tu, katika majani yaliyo karibu, mama apate kukiona.

Makinda ya ndege nayo yana desturi yake. Kinda lisilo na manyoya likianguka, lirudishwe katika tundu lake. Wengi wetu tuliambiwa utotoni kwamba ndege humkataa mwanawe akigushwa na mkono wa mtu. Si kweli. Ndege hamwachi mwanawe kwa harufu ya vidole vyetu. Bali kinda lililokwisha kuota manyoya, linalorukaruka chini na kulia, hilo lajifunza kuruka, na wazazi wake wako juu ya mti wakiwatazama ninyi kwa hasira. Liacheni. Wala msimimine maji katika mdomo wa kinda, kwa kuwa huingia katika njia ya pumzi likafa palepale. Na ninyi vijana mnaolinda mpunga huko Luberizi na Sange, twajua kwamba ndege ni adui wa kazi yenu, na kuwafukuza si kosa. Lakini kumfunga ndege uzi mguuni, kumrusha na kumvuta mpaka mguu ukatike, hiyo si kazi ya kulinda mpunga. Katekisimu ya Kanisa, iliyotolewa na Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili mwaka 1992, yafundisha wazi kwamba mtu aweza kutumia wanyama kwa chakula na mavazi, lakini kuwatesa au kuwaua pasipo sababu ni jambo lisilolingana na heshima ya mtu mwenyewe. Mwaona, haisemi heshima ya mnyama tu. Anayemtesa ndege hujivunja yeye.

Juu ya kinyonga tutasema maneno machache, maana tumeona wakristu waliobatizwa tangu miaka ishirini wanaomkimbia kinyonga kuliko wanavyoukimbia uongo. Kinyonga hana sumu. Hula inzi na panzi na wadudu wengine, naye akivuka njia polepole ni kwa sababu ndivyo alivyoumbwa. Mwinue kwa kijiti, umweke juu ya mti, uendelee na safari yako.

Sasa mtauliza: Je, ikiwa mama amekufa kweli? Hutokea. Mtego umemshika, au gari limemkanyaga katika njia ya Kamanyola, na kitoto kimebaki. Hapo ndipo huruma yahitaji akili zaidi, kwa kuwa viumbe vingi vya pori havilelewi na mtu. Kakakuona huzaa mtoto mmoja tu, naye hupanda juu ya mkia wa mama yake wakienda kutafuta chakula. Chakula chao ni sisimizi na mchwa. Nani kati yetu atakayemlisha sisimizi usiku kucha? Mtoto wa kakakuona akifungwa ndani ya nyumba hufa upesi. Pia sheria za nchi yetu, ile ya uwindaji ya 28 Mei 1982 na ile ya kuhifadhi maumbile ya 11 Februari 2014, zawalinda wanyama wengi wasikamatwe. Kwa hiyo mtu apeleke habari kwa walinzi wa ICCN, au kwa chifu wake ikiwa walinzi wako mbali.

Katika jimbo letu la Kivu ya Kusini, watu wenye elimu walianzisha mwaka 2002 nyumba ya kuwatunza sokwe na nyani yatima huko Lwiro, kaskazini ya Bukavu, karibu na Hifadhi ya Kahuzi-Biega. Mahali pale ni pale ambapo wenye elimu ya maumbile wamefanya kazi tangu wakati wa Wabelgiji. Nyumba ile imekwisha kupokea sokwe zaidi ya mia moja. Jueni wengi wao walifikaje. Mwindaji akitaka kumkamata mtoto wa sokwe, mama hamtoi. Basi humwua mama, na mara nyingi wengine wa jamaa wanaokuja kumtetea, ndipo humng'oa mtoto mgongoni mwa maiti. Kisha mtu mwenye huruma humwona mtoto yule sokoni, amefungwa kamba, akamnunua ili kumwokoa. Huruma yake ni ya kweli. Lakini fedha yake yarudi mkononi mwa mwindaji, naye juma linalofuata ameingia tena msituni. Ndiyo maana wenye kazi ile hawataki mtu anunue. Wataka apeleke habari.

Twalisema hilo kwa sababu hata hapa kwetu tumemwona tumbili amefungwa kamba kiunoni mbele ya duka, na watu wakimpa ndizi na kucheka. Alipokuwa mdogo alilala kifuani mwa watoto. Alipokomaa alimwuma mkono mtoto wa jirani, jeraha likafika mfupani. Mwenye duka alimpiga tumbili kwa mti mpaka akafa. Tumbili hakukosa neno. Alifanya kama tumbili.

Na hapa yatupasa kusema juu ya magonjwa, maana kuumwa na mnyama si jeraha tu. Mnyama wa pori asiyekimbia, anayetangatanga mchana akidondosha mate, huenda ana kichaa kama kile cha mbwa. Msimguse, wala msiguse popo aliyeanguka. Mtu akiumwa au akikwaruzwa, aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15, kisha aende siku ileile katika kituo cha afya apate chanjo. Asingoje kuona dalili. Dalili za kichaa zikisha kuonekana, hakuna dawa.

Ugonjwa wa mpox nao mwaujua. Mtu wa kwanza kujulikana kuwa nao alikuwa mtoto mchanga wa Basankusu, katika Ekwateri, mwaka 1970. Na mwaka 1985 wenye elimu waliona virusi vyake katika kindi mgonjwa, kaskazini ya nchi yetu. Mwaka 2024 ulienea sana katika Kivu ya Kusini, na Uvira haikusalimika, hata tarehe 14 Agosti mwaka ule Shirika la Afya la Ulimwengu likatangaza hatari kwa mataifa yote. Ni kweli kwamba siku zile watu waliambukizana wao kwa wao. Hata hivyo kindi au panya wa msituni aliyeokotwa akiwa mgonjwa au amekufa, asipewe watoto wacheze naye wala asipikwe. Twawakumbuka watoto wale waliojaa uani mwetu, nasi hatukuwazuia. Mungu alitulinda siku ile kuliko tulivyostahili.

Sasa lipo neno gumu zaidi. Tulipofundisha somo hili kwa mara ya kwanza katika kapela yetu, baba mmoja aliyekimbia vita milimani, mwenye watoto watano, alisimama nyuma akasema: "Mwalimu, mwanangu akilia kwa njaa, nimwambie kwamba pongo naye ana mama?"

Wengine walimwona kuwa mtu wa ubishi. Sisi hatukumwona hivyo. Mungu alimpa Noe na wanawe ruhusa ya kula nyama baada ya gharika, na hakuna padri aliyepata kuifuta. Mtu mwenye njaa anayekula ndezi aliyemharibia miwa yake hana la kuungama. Lakini tulimsomea baba yule sheria moja ndogo iliyo katika Kumbukumbu la Sheria, sura ya 22, juu ya mtu aonaye tundu la ndege njiani, na mama ameketi juu ya mayai au makinda. Mkiisoma, mtashangaa. Haimkatazi kuchukua. Yamruhusu mayai, yamruhusu makinda. Yakataza jambo moja tu, kumchukua mama pamoja na watoto wake; mama aachwe aende zake. Nayo yaahidi kwamba atakayeishika atapata heri na siku nyingi, ahadi ileile iliyowekwa katika amri ya kuwaheshimu baba na mama. Mambo hayo mawili, wazazi wetu na ndege wa tunduni, yamepewa ahadi moja. Sisi hatujui neno lingine katika Maandiko linalotushangaza kama hilo. Twafikiri maana yake ni kwamba anayechukua mama na watoto pamoja amekula shamba na mbegu, na mwakani atarudi mahali palepale akute kimya.

Baba yule alisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Aliyetunga sheria hiyo amewahi kuona njaa." Kisha akaketi, nasi hatukuongeza neno.

Kuna jambo moja liokoalo viumbe vingi kuliko mikono yetu yote, nalo ni namna ya kuchoma shamba. Katika miezi ya kiangazi, Julai mpaka Septemba, moshi hujaa bonde lote hata milima ya Burundi isionekane ng'ambo. Wako watu wanaowasha moto kwa kuzunguka pande zote, ili panya na sungura wakose pa kutokea, wapigwe kwa fimbo. Katika mduara ule huungua kila kitu: kobe, nyoka, makinda, kalunguyeye na watoto wake. Kinachopatikana kwa kula ni kidogo, na kilichobaki jivuni hakina faida kwa mtu. Tena upepo ukigeuka, moto huingia katika shamba la jirani, na mara nyingine katika nyumba yake. Afadhali kusafisha kwanza kando ya shamba, kupita ndani na watoto mkipiga makelele na kugonga makopo, kisha kuwasha upande mmoja tu, moto ukiukabili upepo na kwenda polepole. Walio na miguu watatoka. Mahali panapowezekana, msichome kabisa. Majani yakiozea shambani hulisha udongo, na udongo wa vilima vyetu wahitaji kulishwa. Mwaka 2020, mwezi wa Aprili, mto Mulongwe ulipobomoa nyumba na kuua watu Uvira, wote tuliona maji yanavyoshuka kwa nguvu kutoka milima iliyovuliwa miti na nyasi.

Mama yule mzee alibatizwa Pasaka iliyofuata, na sasa amekwisha kutangulia. Mvua zilizopita tulikuwa tena pindoni mwa shamba lilelile. Mtoto wetu wa pili, ambaye sasa ni kijana mwenye ndevu, alisimamisha jembe lake ghafula akainua mkono. Hakupaza sauti safari hii. Tulikwenda polepole tukaona: kitoto cha pongo katika majani, masikio yamelala. Kijana akakata matawi mawili, akayaegemeza upande wa jua, bila kukigusa. Tukaiacha mistari mitatu ya mihogo katika magugu yake. Mama watoto aliuliza ni lini tutaimaliza, maana magugu hayamngoji mtu, nasi tukamwambia kesho kutwa. Jirani yetu ana mbwa wawili wa kuwinda. Kijana alikwenda kwake kuomba wafungwe usiku ule. Walikubaliana kwa mafungu mawili ya ndagala.

Usiku tulisikia sauti ile kavu korongoni. Ilibweka mara tatu, ikanyamaza. Asubuhi tulikuta majani yamelala mahali pale, hakuna kitu, na nyayo ndogo kando ya nyayo kubwa katika udongo wenye umande. Tukamaliza mistari mitatu kabla ya jua kuwa kali.

Juma lijalo tutasema juu ya Adamu kuwapa wanyama majina. Tumsifu Yezu Kristu.